Njia ya Kongo–Nile: safari ya baiskeli ya siku tano kutoka Gihundwe hadi Rubavu

Sekta ya Gihundwe, wilayani Rusizi, inapakana na mji wa Kamembe katika pembe ya kusini magharibi ya Rwanda. Kwa wasafiri wengi eneo hili ni mwisho wa safari, kwani vitabu vya watalii huanzisha Njia ya Kongo–Nile mjini Rubavu, kaskazini, na kuikamilisha Rusizi. Hata hivyo hakuna sheria inayomlazimu msafiri kushika mwelekeo huo. Mkazi wa Rusizi anaweza kuianza safari mlangoni pake, akalifuata Ziwa Kivu kuelekea kaskazini.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 227 na hupita katika wilaya tano za Mkoa wa Magharibi: Rusizi, Nyamasheke, Karongi, Rutsiro na Rubavu. Waendao kwa miguu hutumia takriban siku kumi. Wanaoendesha baiskeli kwa mwendo wa matembezi hutumia siku tano, yaani wastani wa kilomita 45 hivi kwa siku.

Asili ya jina

Jina la njia limetokana na mgongo wa milima unaotenganisha maji ya mito miwili mikubwa ya Afrika. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mgongo huo huingia katika mto Nyabarongo, kisha Akagera, hufika Ziwa Victoria na hatimaye huelekea Misri kwa njia ya Nile. Mvua ya upande wa magharibi hushuka Ziwa Kivu.

Ziwa Kivu lina tundu moja tu la kutolea maji, nalo liko Rusizi. Mto Ruzizi hutokea hapo, kati ya Rwanda na Kongo, ukateremka hadi Ziwa Tanganyika. Kutoka huko maji huendelea kwa mto Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo anayeianza safari kusini huanza pale maji ya ziwa yanapoagana na Rwanda, kisha akakaa siku tano chini ya milima yanakotoka.

Majina ya miji huwachanganya baadhi ya wasomaji. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, Cyangugu inaitwa Rusizi, Kibuye inaitwa Karongi na Gisenyi inaitwa Rubavu. Wazee na wafanyabiashara wa mpakani wangali wanayatumia majina ya zamani, na msafiri anayeuliza njia hana budi kuyajua yote mawili.

Kutoka kusini kwenda kaskazini

Sehemu ya kwanza, baada ya Gihundwe na Giheke, ni nchi ya chai. Mashamba ya Shagasha yamo wilayani Rusizi, na mbele yake, upande wa Nyamasheke, yapo ya Gisakura. Ubavuni mwa mashamba hayo umesimama msitu wa Nyungwe, ambao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Njia ya baiskeli haiingii msituni. Huinama kuelekea ziwani, ambako rasi na ghuba hufuatana na barabara hupinda kila mara kuzizunguka.

Nyamasheke ndiyo wilaya inayompima msafiri. Kila kijito kinachoingia ziwani kimechimba bonde lake, na kila bonde lina mteremko na mwinuko wake. Anayetazama ramani huona umbali mfupi. Anayeendesha huona vilima. Si aibu kushuka na kuisukuma baiskeli. Wakazi wanaosafirisha ndizi na makreti ya vinywaji hufanya hivyo kila siku.

Baada ya Mugonero njia hufika Karongi, katikati ya safari, na wengi hupumzika hapo. Ziwa limejaa visiwa vidogo, na jioni wavuvi hutoka kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja mitatumitatu, wakipiga makasia huku wakiimba, kutafuta sambaza. Samaki hao si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao leo ni kitoweo cha kila siku katika pwani yote mbili.

Wilaya ya Karongi ina pia kumbukumbu nzito. Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yako mjini Karongi na juu ya vilima vya Bisesero. Msafiri anayefika mahali hapo hutarajiwa kuteremka, kuacha baiskeli nje na kuingia kwa utulivu.

Wilayani Rutsiro njia hushuka karibu na maji, kupitia Musasa na Kinunu. Hii ni nchi ya kahawa. Vituo vya kuoshea kahawa vimejengwa kandokando ya ziwa, na wakati wa mavuno, kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka, wakulima huonekana wakibeba matunda mekundu kwa vikapu, kwa baiskeli na kwa mitumbwi. Siku ya mwisho humfikisha msafiri Nyamyumba, penye chemchemi za maji ya moto, na kisha mji wa Rubavu.

Lami na udongo

Katika miaka ya 2010 ilijengwa barabara ya lami inayounganisha wilaya hizo tano. Manufaa yake hayana ubishi. Mgonjwa hufika hospitali mapema, mazao hufika sokoni kabla hayajaoza, na basi limechukua nafasi ya safari iliyokuwa ikila siku nzima. Lakini barabara hiyo imeleta swali kwa njia ya matembezi. Katika baadhi ya maeneo lami imefuata mkondo uleule wa njia ya zamani, na kwingine imepita juu yake, ikaiacha njia ya udongo chini karibu na ziwa.

Msafiri akifuata lami peke yake huokoa muda, ila huvipita vijiji vilivyokuwa vikimpokea. Huko chini ndiko waliko mwenye chumba cha kulaza wageni, mama apikaye chai na maandazi, fundi anayeziba pancha chini ya mti na kijana anayeongoza wageni. Thamani ya njia ya taratibu kwa watu hao ni kwamba mgeni hulala. Anayepita kwa gari hununua maji ya chupa na kuondoka. Anayekwenda kilomita 45 kwa siku hula mara tatu na hulipa kitanda.

Tofauti hii huonekana wazi wakati wa mbio za Tour du Rwanda. Mwaka 2020, na tena mwaka 2023, mbio hizo zilikuwa na hatua iliyoanza Rusizi na kumalizika Rubavu, takriban kilomita 200 za lami, zilizokwisha katika siku moja. Watu walijipanga barabarani kushangilia, na msafara ukapita kwa dakika chache. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Heshima hiyo ni kubwa, ila mbio na matembezi ni mambo mawili, na kijiji hunufaika zaidi na yule asiye na haraka.

Mfano wa Uingereza

Nchini Uingereza, ambako chama cha watalii wa baiskeli kiliundwa mwaka 1878, iko njia iitwayo C2C, iliyofunguliwa mwaka 1994, inayokata kaskazini mwa nchi kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki. Urefu wake ni kilomita 225 hivi, karibu sawa kabisa na Njia ya Kongo–Nile. Sehemu zake kadhaa hufuata reli zilizoachwa, na wasafiri wana desturi ya kulowesha gurudumu la nyuma katika bahari wanakoanzia na la mbele katika bahari wanakofikia.

Kilele cha njia hiyo kiko mita 600 na kitu juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu, ambao ndio sehemu ya chini kabisa ya njia ya Rwanda, uko mita 1,460. Hata hivyo, somo la Uingereza halihusu vilima. Njia ya matembezi huishi pale alama zake zinapotunzwa na pale inapotengwa na magari makubwa kila inapowezekana.

Mambo ya kuzingatia

Majira: miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, na pia Januari na Februari. Kati ya Machi na Mei mvua ni nyingi, udongo huwa utelezi na maporomoko ya ardhi hutokea.

Baiskeli: yenye gia nyingi na tairi pana hufaa zaidi. Breki zikaguliwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa miteremko ni mirefu. Msafiri abebe pampu, viraka na tyubu ya akiba. Mafundi wapo katika vituo vingi vya biashara, lakini vipuri vya baiskeli za kisasa ni adimu nje ya miji.

Barabarani: magari hupita upande wa kulia. Kofia ngumu ivaliwe, na kushika lori ili likuvute mlimani ni hatari iliyokwishaua watu. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hivyo ni vyema kufika kabla ya hapo.

Umuganda: Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi hadi saa tano, ni wakati wa kazi za jamii. Maduka hufungwa na safari husimama.

Lugha: Kinyarwanda hutumika kote, na Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, husikika zaidi katika ncha mbili za njia, Rusizi na Rubavu, kwa sababu ya biashara na Bukavu na Goma. Katikati, salamu ya Kinyarwanda humfungulia mgeni milango mingi.

Asiyeweza siku tano anaweza kuanza na moja: kutoka Gihundwe hadi mashamba ya chai ya Shagasha na kurudi kabla ya jua kuchwa.