Kuuza Silaha ya Moto kwa Mtu Binafsi: Taratibu kwa Wamiliki wa Bagamoyo na Ukanda wa Pwani

Mmiliki wa silaha ya moto anayekusudia kumwuzia mtu mwingine bunduki au bastola yake hawezi kukamilisha mauzo hayo kwa makubaliano ya watu wawili pekee. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi, Sura ya 223, iliyotungwa mwaka 2015 na kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991, inaitambua leseni kuwa ni ya mtu aliyetajwa kwa silaha iliyotajwa. Leseni haihami pamoja na bunduki. Anayenunua sharti awe na idhini yake mwenyewe kabla ya kuipokea silaha, na mabadiliko ya umiliki hayana budi kuingizwa katika kumbukumbu za Jeshi la Polisi.

Suala hili linawagusa kwa namna ya pekee wakazi wa Wilaya ya Bagamoyo. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani na kando ya Mto Wami, wapo wakulima na wafugaji wanaomiliki bunduki kihalali kwa ajili ya kulinda mazao na mifugo. Upande wa kusini, Kerege na Mapinga, mashamba mengi yamegeuzwa viwanja vya makazi, na bunduki iliyokuwa ikilinda shamba hubaki kabatini bila kazi. Hapo ndipo wazo la kuiuza huzaliwa, na mara nyingi mnunuzi hutafutwa karibu: Bunju, Boko au Tegeta.

Mwendo wa kutoka Mapinga hadi Bunju ni mfupi, lakini unavuka mpaka wa Mkoa wa Pwani na Mkoa wa Dar es Salaam, na kwa hiyo unahusisha makamanda wawili wa Polisi. Maombi ya mnunuzi huanzia mahali anapoishi yeye, si anapoishi muuzaji. Huanza katika serikali ya kijiji au mtaa, hupita ngazi ya kata, kisha wilaya na mkoa, yakijadiliwa na kamati za ulinzi na usalama, ndipo yafikishwe kwa Msajili wa Silaha. Katika safari hiyo huangaliwa umri wa mwombaji, akili yake, kumbukumbu za makosa, uwezo wake wa kuitumia na kuihifadhi silaha, na sababu ya kuihitaji. Majirani na viongozi wa mtaa wanaomfahamu ndio mizani ya kwanza. Kwa sababu hiyo, muuzaji anayeharakisha mambo kwa kuwa mnunuzi ni mtu anayemwamini anaipuuza hatua iliyowekwa kwa ajili ya kumlinda yeye mwenyewe.

Kabla ya kutafuta mnunuzi, muuzaji anashauriwa kufika katika kituo cha Polisi alikosajiliwa, kutoa taarifa ya kusudio lake na kuhakikisha kuwa leseni yake iko hai. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha zinazomilikiwa na raia nchi nzima. Mmiliki ambaye hakufika wakati ule anapaswa kulimaliza suala hilo na Polisi kwanza. Silaha yenye kasoro katika kumbukumbu haiuziki kihalali, hata kama mnunuzi amekamilisha kila kitu kwa upande wake.

Kipindi cha hatari zaidi ni kile cha kusubiri. Bei imekubaliwa, pengine fedha za awali zimelipwa, na mnunuzi anaomba akae na bunduki “kwa majaribio” wakati maombi yake yakiendelea. Ombi hilo likataliwe. Vivyo hivyo kuiweka silaha rehani kwa mkopeshaji, kumwazima ndugu anayekwenda shambani, au kumpa dereva wa basi au nahodha wa jahazi aifikishe upande wa pili. Kama fedha zimepokelewa, yawepo maandishi yanayoeleza kuwa zitarejeshwa maombi yakikataliwa. Silaha ibaki kwa mwenye leseni, imefungiwa bila risasi ndani, hadi siku ya makabidhiano, na makabidhiano hayo yafanyike kituoni mbele ya askari. Muuzaji asiondoke bila nakala ya hati inayoonyesha kwamba silaha haipo tena kwa jina lake.

Hati hiyo ina thamani kubwa. Chini ya Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, silaha huwekewa alama na kumbukumbu ili chanzo chake kiweze kufuatiliwa. Ikiokotwa katika tukio la uhalifu, namba yake humrudisha mpelelezi kwa mtu wa mwisho aliyesajiliwa. Wakazi wa Pwani wanakumbuka mauaji ya miaka ya 2016 na 2017 katika maeneo ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji, yaliyogharimu maisha ya viongozi wa vijiji na askari. Katika mkoa wenye historia hiyo, maelezo ya “niliiuza zamani” bila karatasi hayamsaidii mtu.

Kumiliki silaha bila leseni ni miongoni mwa makosa yaliyoingizwa katika Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo kwa marekebisho ya mwaka 2016 inataja kifungo cha kati ya miaka 20 na 30.

Mirathi huleta utata wa aina yake. Mwenye leseni akifariki, leseni haimwendei mjane wala mtoto mkubwa. Familia ikabidhi silaha Polisi mapema, ipewe hati ya mapokezi, na msimamizi wa mirathi ashughulikie mauzo kwa mtu mwenye idhini. Thamani yake inaweza kugawanywa kwa warithi. Bunduki yenyewe haigawanywi, wala haiachwi chini ya uvungu ikisubiri kikao cha arobaini.

Wazo la kuunganisha jina na alama si geni katika pwani hii. Bunduki na baruti zilipita Bagamoyo kuelekea bara pamoja na misafara ya karne ya 19, na Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulitaka wenye idhini wapewe leseni yenye jina lao na alama iliyogongwa kwenye silaha, kwa muda wa miaka 5.

Magobore nayo ni silaha za moto. Gobore lililorithiwa bila leseni haliwezi kuuzwa, hata kama linauzwa kama pambo. Mwaka 2023 Serikali ilitoa msamaha kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31 kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Nje ya kipindi cha namna hiyo, mwenye gobore au risasi zilizobaki baada ya mauzo awasiliane na Mkuu wa Polisi wa Wilaya, aelekezwe namna ya kuzikabidhi kabla ya kuzibeba barabarani.