Ndege iliyoishia Tabora

Wadau, semina yetu ya historia wiki hii ilikuwa ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Kila mtu kaja na Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba. Mimi nikaja na ndege. Darasa likacheka.

Ni hivi. Mwaka 1920 gazeti la The Times la London lilifadhili ndege, Vickers Vimy Commercial, iruke kutoka Uingereza hadi Cape Town. Safari hiyo ilikuwa haijafanywa na mtu kwa ndege. Marubani walikuwa Cockerell na Broome, na ndani alikuwamo Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama, akiliandikia gazeti. Waliondoka Januari 24. Injini zilipozwa kwa maji, na maji yenyewe yakawa yanavuja! Huko Sudan walilazimika kutua zaidi ya mara moja wakatengeneze.

Wakajikongoja hadi Tabora. Februari 27 wakaruka, injini moja ikaishiwa nguvu, ndege ikaanguka porini karibu na kiwanja. Hakuna aliyekufa, ila ndege ndiyo ilikuwa basi tena.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya juu, tena yenye joto, ni nyepesi: injini inakosa pumzi na mabawa hayapati cha kuegemea. Injini ya pili haikuweza kuubeba mzigo wote peke yake.

Sasa linganisha na msafara. Mpagazi akiugua au akitoroka, mzigo wake unagawiwa wenzake hadi Tabora, na hapo wanaajiriwa Wanyamwezi wengine. Mji ulikuwa na kazi hiyo miaka mingi. Spea za Vimy ungezitoa wapi?

Van Ryneveld na Brand ndio waliofika Cape Town, Machi 20, 1920. Hata wao, ndege mbili ziliwavunjikia njiani, wakamalizia na ya tatu.

Jamaa mmoja nyuma akasema, "Hiyo si ni historia ya wazungu tu?" Nikamwuliza, viwanja je? Mwaka 1919 vilitengenezwa kuanzia Misri hadi Afrika Kusini, na huku kwetu waliong'oa visiki na kusawazisha vichuguu ni vibarua Waafrika, kwa majembe. Akanyamaza. Mhadhiri akasema niiandike iwe asaimenti.