Ratili kwa Ratili

Baba mdogo ana swali ambalo amekuwa akiniuliza tangu nikiwa darasa la nne: Sugar Ray Robinson akipewa kilo za Joe Louis, nani anabaki amesimama? Jibu lake halijawahi kubadilika. Ni Robinson. Anachotaka ni mimi nibishe kidogo, apate sababu ya kunyanyuka kwenye kigoda na kunionyesha kwa miguu jinsi mtu yule alivyokuwa akiingia na kutoka.

Swali hilo hakulitunga yeye. Waandishi wa michezo wa Marekani walilipenda sana enzi za Robinson, na nikilitafsiri kwa vipimo vya maduka ya zamani linakuwa "ratili kwa ratili". Tukiiondoa mizani, nani bora? Waliokuwa wakiuliza walikuwa na shida ya kweli. Bondia bora kuliko wote waliowahi kumwona hakuwa bingwa wa uzito wa juu. Alikuwa bingwa wa uzito wa welter, kilo 66, baadaye wa uzito wa kati, kilo 72 na nusu, wakati jina kubwa na fedha kubwa vilikuwa kwa wanaume wa kilo 90. Ratili kwa ratili ilikuwa namna ya kumpa mtu mdogo kiti cha mbele.

Mimi sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na ubishi wa kijiweni nimeugeuza kuwa kazi ya jioni. Siulizi nani angeshinda. Naangalia zile mara ambazo watu walichoka kubishana, wakawapandisha ulingoni bingwa mdogo na bingwa mkubwa.

Mizani yenyewe si ya zamani sana katika ngumi. Kanuni za Jack Broughton za mwaka 1743, za mwanzo kuandikwa Uingereza, hazikugusa uzito. Mwenye kilo 70 alipigana na mwenye kilo 100 kama wote wawili walikubali na watu walikuwa tayari kuweka dau. Uzito wa aina nane ulipangwa rasmi na klabu ya National Sporting ya London mwaka 1909. Na mwaka huohuo, tarehe 16 Oktoba, huko Colma, California, Stanley Ketchel, bingwa wa uzito wa kati, alipanda ulingoni na Jack Johnson, bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Johnson alimzidi kwa kilo zipatazo 16. Kwa nini basi Ketchel? Kwa sababu Johnson alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika ubingwa ule, na Wamarekani wengi weupe walikuwa hawalali wakitafuta wa kumnyang'anya. Walipokosa mkubwa, wakamchukua mdogo. Kwenye picha za kutangaza pambano Ketchel alivalishwa koti refu na viatu vyenye visigino ili aonekane amejaa. Raundi ya 12 alimpiga Johnson konde la kulia, Johnson akaenda chini. Filamu ipo. Johnson anainuka, Ketchel anamkimbilia, halafu anapigwa na kulala chali, mikono imetawanyika. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara naona swali la "ingekuwaje" likiwa na mwenyewe. Kuna aliyelihitaji jibu fulani.

Wengine nawapitia haraka. Billy Conn aliuacha mkanda wake wa uzito wa chini ya ule wa juu ili amfuate Joe Louis mwaka 1941. Hadi raundi ya 12 alikuwa mbele kwa majaji wawili kati ya watatu, na kwa wa tatu walikuwa sawa. Raundi ya 13 akaamua kumwangusha Louis badala ya kumkimbia, akaangushwa yeye zikiwa zimebaki sekunde mbili kengele ilie. Bob Foster, mwaka 1970, hakumaliza raundi ya pili mbele ya Joe Frazier. Ilibidi kusubiri hadi 1985 ndipo bingwa wa uzito ule, Michael Spinks, alipomshinda Larry Holmes na kuwa bingwa wa uzito wa juu. Lakini Spinks hakwenda kama alivyokuwa. Alijijenga kutoka kilo 79 hadi kilo 90 kwanza. Kwa maneno mengine, alilijibu swali kwa kulikataa.

Baba mdogo akisikia orodha hii hunitajia Henry Armstrong, na ana haki. Mwaka 1938 Armstrong alishika mikanda ya uzito wa aina tatu kwa wakati mmoja, dunia nzima ikiwa na minane tu. Ule wa welter aliuchukua kwa Barney Ross akiwa na kilo 60 na ushee, Ross akiwa na 64. Kilo nne. Nakubali, ila kilo nne si 16.

Pambano linalonikalisha macho ni la Robinson mwenyewe. Tarehe 25 Juni 1952, uwanja wa Yankee, New York, alimfuata Joey Maxim, bingwa wa uzito wa chini ya ule wa juu. Robinson alipimwa kilo 71 na nusu, Maxim 78 na nusu. Maxim hakuwa mpiga konde zito. Hakuna aliyemwogopa kwa hilo. Pambano lilikuwa lifanyike siku mbili kabla, mvua ikalisogeza, na likaangukia usiku wa joto kali. Chini ya taa za ulingo ilitajwa kuwa nyuzi 40. Watu zaidi ya 47,000 walikaa wakijipepea.

Robinson alishinda raundi nyingi. Alifanya yale ambayo baba mdogo hunionyesha uani. Baada ya raundi ya 10 mwamuzi Ruby Goldstein alishindwa kuendelea kwa joto, akaingia mwingine, Ray Miller. Mwamuzi, ambaye hakupigwa hata kofi! Raundi ya 13 Robinson alirusha konde, likapita hewani, naye akalifuata hadi chini kifudifudi. Raundi ya 14 hakutoka kwenye kona. Karatasi za majaji zilimweka mbele kabisa. Mmoja alikuwa amempa raundi 10 kwa tatu. Katika mapambano takriban 200, ni mara hiyo tu aliyoshindwa kumaliza.

Vitabu vingi husema joto ndilo lililomshinda. Lakini Maxim naye alikuwa kwenye joto hilohilo. Tofauti ni kwamba kila walipokumbatiana, Maxim alimlalia. Aliweka kifua na kidevu juu ya bega la mwenzake na kuuachia mwili. Robinson alikuwa akipigana, na wakati huohuo amebeba mtu. Hilo halionekani kwenye pointi. Wala halimo katika ratili kwa ratili, kwa kuwa maneno hayo yanachukulia uzito kama namba ya kuzidisha nguvu za konde. Uzito ni mzigo pia, na mzigo unahesabiwa kwa dakika.

Nililijua hili kabla ya kulisoma. Baba mdogo alipigana uzito wa unyoya, kilo 57. Jioni moja mpinzani wake hakufika, na aliyeandaa pambano akamleta mwingine ambaye mizani ilisema ana 63. Walimwambia mtu wa kasi kama yeye hana cha kuhofia. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Alikwenda raundi zote nane, akapoteza kwa pointi chache, na tangu hapo jicho la kushoto linaona mwanga tu. Nyumbani tulikua tukisema alipigwa konde baya. Yeye hajawahi kusema hivyo. Yeye husema tu, "Yule bwana alikuwa mzito."

Mwezi uliopita nilimpelekea filamu ya Maxim kwenye simu. Alikuwa hajawahi kuiona, pamoja na miaka yote ya kuizungumza. Alikaa akiwa amegeuza kichwa kidogo, kama anavyofanya siku zote ili jicho zima lipate nafasi. Raundi za mwanzo alicheka na kunipiga bega. Walipoanza kukumbatiana alinyamaza. Kisha akasema, "Simamisha hapo, mwanangu."

Nikasimamisha. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya shingo ya Robinson, pale kidevu cha Maxim kilipokuwa kimelala.

"Rudisha," akasema. "Rudisha nyuma kidogo."