Ushirikishwaji wa wanafunzi darasani: shule za Bunia

Ushirikishwaji wa wanafunzi ni jumla ya njia anazotumia mwalimu ili kila mwanafunzi afikiri, ajibu na atende katika muda wote wa somo, badala ya kusikiliza na kunakili tu yaliyoandikwa ubaoni. Katika mji wa Bunia, ambao ni makao makuu ya jimbo la Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 2015, njia hizo hutawaliwa na mambo mawili, yaani wingi wa watoto darasani na lugha ya kufundishia. Elimu ya msingi bila malipo, iliyotamkwa na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa kwa upana Septemba 2019, wakati mji ulikuwa tayari unapokea familia zilizokimbia mapigano ya eneo la Djugu tangu mwishoni mwa 2017, hivyo kukaa watatu au wanne kwenye dawati moja, na kusoma kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, si jambo geni.

Mwalimu wa Kongo huandaa somo kwa fishi ya matayarisho, yaani karatasi yenye hatua zinazofuatana kwa mpango uliozoeleka: ukumbusho wa somo lililopita, motivasio, kutangaza mada, uchambuzi, muhtasari na mazoezi. Motivasio ni hatua fupi ya kuamsha hamu, mara nyingi kwa swali moja au kwa kitu kinachoonyeshwa, na udhaifu wake ni kwamba imefungiwa mwanzoni, ilhali darasa hupotea baadaye, katika uchambuzi, ambapo mwalimu huzungumza peke yake kwa muda mrefu. Kwa hiyo mbinu yoyote ya ushirikishwaji ipimwe kwa jinsi inavyofaa katika hatua hiyo ya kati.

Kuitikia kwa pamoja, mbinu inayopendwa sana, hufaa kwa kukariri jedwali la kuzidisha au kuzoeza matamshi ya Kifaransa, lakini humpa mwalimu sauti kubwa na habari kidogo, kwa kuwa wachache wanaojua huwafunika wengi wasiojua. Dawa yake ni ya zamani: katika mbinu ya La Martinière, iliyopewa jina la shule ya Lyon, Ufaransa, ambako Charles-Henri Tabareau aliitumia katika karne ya 19, mwalimu huuliza, watoto huandika jibu kwenye vibao vyao vya chaki, kisha wote huviinua kwa ishara moja. Mwalimu mwenye watoto sitini huona kwa mtazamo mmoja ni wepi waliokwama, na pale ambapo vibao havipo, kipande cha katoni kilichopakwa rangi nyeusi hutosha. Mbinu nyingine haihitaji hata chaki: katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu, majibu hurefuka na wanyamavu huanza kusema.

Suala la lugha ni zito zaidi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, kuwa lugha za kufundishia, na kwa utaratibu uliopo hutumika katika madarasa ya mwanzo kabla ya Kifaransa kushika nafasi yake. Mtoto wa Bunia anayezungumza Kilendu, Kihema, Kialuru au Kibira nyumbani, na Kiswahili cha mjini sokoni, hufika kwenye hatua ya Kifaransa akiwa na mawazo mengi kuliko maneno ya Kifaransa, na ukimya wake huchukuliwa kimakosa kuwa ni uvivu. Utaratibu wa kufikiri, kujadiliana wawili wawili kisha kutoa jibu, ulioelezwa na Frank Lyman mwaka 1981, unamfaa sana mtoto huyo, mradi mjadala wa wawili uruhusiwe kwa Kiswahili na jibu la mbele ya darasa litolewe kwa Kifaransa, likisaidiwa na mwanzo wa sentensi ulioandikwa ubaoni. Hesabu nazo hupata uhai zinapohusu bei ya samaki wa Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, au kubadilisha dola kuwa faranga.

Kupanga wawili hao kunahitaji busara katika mji ambao umebeba kumbukumbu za vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 na za uhasama uliofuata. Kuchanganya watoto waliohamishwa na wenyeji, na kuwabadilisha mara kwa mara, ni bora kuliko kuwaacha wajichagulie. Fimbo haina nafasi hapa: Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inataka nidhamu ya shuleni isimamiwe kwa utu, na mtoto anayeogopa kukosea hainui kibao chake.

Mafunzo ya walimu hutolewa katika shule za sekondari za mkondo wa ualimu na, kwa walimu wa sekondari, katika Chuo cha Juu cha Ualimu cha Bunia (ISP). Ndani ya shule, walimu hukutana katika kikao cha ufundishaji kiitwacho selula ya msingi, ambamo mmoja hutoa somo la mfano na wenzake hulijadili. Zamu mbili, zinazolaumiwa kwa kufupisha masomo, zina faida moja isiyotumiwa ipasavyo: mwalimu wa mchana anaweza kukaa nyuma ya darasa la mwenzake wa asubuhi na kuhesabu ni watoto wangapi waliofungua kinywa.