Chama cha Uwanja wa Tufe cha Lewes

Chama cha Uwanja wa Tufe cha Lewes ni jumuiya ya wachezaji wa tufe la nyasini katika mji mdogo wa Lewes, ulio kando ya mto Ouse, jimbo la Sussex ya Mashariki, kusini mwa Uingereza. Asili ya chama huhesabiwa tangu mwaka 1753, na mchezo wenyewe katika kiwanja chake tangu mwaka 1640. Na sifa yake kuu ni kwamba, katika zama ambazo karibu viwanja vyote vya namna hii vimesawazishwa, hiki kimebaki na ardhi yake ya kale yenye miinuko na mabonde, na wachezaji wake wameshika kanuni walizozirithi.

Mahali

Kiwanja kimo ndani ya eneo la ngome ya Lewes, iliyojengwa na William de Warenne baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, nayo ni miongoni mwa ngome chache sana za nchi hiyo zenye vilima viwili vilivyoinuliwa kwa mikono ya watu badala ya kimoja. Yasemekana kwamba hapo ndipo mashujaa wapanda farasi walipokuwa wakishindana kwa mikuki, na jina la kale la uwanja lingali likiikumbusha kazi hiyo. Ngome ilipokwisha kupoteza manufaa yake ya vita, uwanja wa silaha ukawa uwanja wa burudani.

Namna ya mchezo

Shabaha ya mchezo ni tufe dogo ambalo hutangulizwa uwanjani, na kila mchezaji hujitahidi kuyafikisha matufe yake makubwa karibu nalo kuliko ya mshindani wake. Matufe hayo makubwa hayaendi moja kwa moja, kwani yana kombo: zamani yalitiwa risasi upande mmoja, na baadaye mafundi waliyachonga upande mmoja usilingane na wa pili, kwa mti wa lignum vitae wa visiwa vya Karibi, ambao ni mzito hata ukitupwa majini huzama. Mchezaji huinama, huliachia tufe kuelekea pembeni mwa shabaha, nalo hukimbia likionekana kama linapotea, mpaka mwendo unapolegea ndipo kombo linaposhika na tufe kujipinda polepole kurudi ndani.

Katika viwanja vya kawaida elimu hii yatosha. Lewes, walakini, haitoshi, kwa sababu huko shabaha yaweza kupelekwa upande wowote wa kiwanja, bila ya kufuata njia zilizopimwa, na mwinamo wa ardhi waweza kulisaidia kombo au kulibatilisha kabisa. Hivyo mgeni hodari, aliyezoea nyasi zilizonyooka, hushindwa na mwenyeji wa wastani aijuaye kila mbonyeo wa mahali hapo.

Sheria ya mwaka 1541

Kwa muda wa karne tatu mchezo huu ulikuwa na marufuku yake. Serikali ya Mfalme Henry VIII, ikihofia kwamba raia wataacha mazoezi ya upinde na mshale, iliamuru mwaka 1541 kwamba mafundi, vibarua na watumishi wasicheze tufe ila katika sikukuu ya Krismasi, tena nyumbani kwa bwana wao na mbele ya macho yake, ilhali mwenye ardhi ya kumpatia pauni 100 kwa mwaka aliweza kupata ruhusa ya kuchezea katika kiwanja chake mwenyewe. Sheria hiyo isiyo ya haki haikufutwa mpaka mwaka 1845, na kwa hiyo chama cha Lewes kilizaliwa ilipokuwa ingali imeandikwa, ingawa watu walikuwa wamekwisha kuipuuza.

Thomas Paine

Mtu mashuhuri kupita wote waliocheza hapo ni Thomas Paine, aliyezaliwa Thetford mwaka 1737 na kufika Lewes mwaka 1768 akiwa mtoza ushuru wa bidhaa. Alipanga katika nyumba iitwayo Bull House, kwa muuza tumbaku Samuel Ollive, ambaye binti yake Elizabeth alimwoa mwaka 1771. Alikuwa msemaji mkali katika baraza ya mabishano iliyokutana katika hoteli ya White Hart, na mwaka 1772 aliandika hoja ya kuwaombea watoza ushuru wenziwe nyongeza ya mshahara, kwa kudai kwamba ufukara wa mtumishi ndio mlango wa rushwa.

Inasimuliwa kwamba siku moja, baada ya mchezo wa tufe, mabwana walipokuwa wakinywa na kuzungumza, mmoja wao aitwaye Verrall alimsifu Frederick, mfalme wa Prussia, kuwa ni bora wa wafalme kwa vile alivyojaa ushetani; na Paine akajiuliza, ikiwa mfalme hana budi kuwa na ushetani kiasi hicho, je, si kheri watu waishi bila ya wafalme? Mwaka 1774 alifukuzwa kazi, akatengana na mkewe, akasafiri kwenda Marekani. Januari 1776 alitoa kitabu chake *Common Sense*, kilichowahimiza watu wa makoloni kujitenga na Uingereza, na mwezi Julai wa mwaka huohuo wakatangaza uhuru wao. Kitabu chake *Rights of Man*, cha mwaka 1791 na 1792, kilimletea hukumu ya uchochezi katika nchi yake ya kuzaliwa, akiwa mwenyewe yuko Ufaransa.

Kusawazishwa kwa viwanja vingine

Mwaka 1830 Edwin Budding wa Stroud alibuni mashine ya kukata nyasi, akiiga mitambo ya kusawazisha manyoya ya nguo za sufu, na viwanja vikaanza kupata uso laini ambao fyekeo haikuweza kuutoa. Mwaka 1849 mwanasheria wa Glasgow, William Mitchell, alitunga kanuni zilizokubaliwa na wachezaji wa Skotilandi, na mwaka 1903 chama cha Uingereza kikaundwa chini ya urais wa mchezaji kriketi maarufu, W. G. Grace. Tangu mwaka 1930 tufe limekuwa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, isipokuwa mwaka 1966. Maendeleo hayo yalileta usawa baina ya mji na mji, walakini yaliondoa tabia ya pekee ya kila mahali.

Hali ya sasa

Chama kingali kikicheza katika kiangazi. Kiwanja chake ni ushahidi ulio hai wa mchezo kama ulivyokuwa kabla ya mashine na vipimo, nacho chastahili kulindwa kama zinavyolindwa kuta za ngome zilizokizunguka.