Mfarishi humalizikaje kwa cherehani ya mkono mrefu?
Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: kitambaa cha juu kilichoungwa kwa viraka, pamba katikati na bitana chini. Nchini Marekani, baadhi ya washonaji huumalizia nyumbani kwa cherehani ya mkono mrefu. Tabaka hizo hutandazwa kwenye fremu yenye rola; kinachosukumwa ni cherehani, si kitambaa.

Bitana huzidishwa takriban sentimita 10 kila upande ili ivutwe sawasawa. Ikilegea, hujikunja na kushonewa humo humo, mahali asipoona mshonaji. Kufumua mishono hiyo kwaweza kuchana kitambaa kilichoungwa kwa miezi kadhaa. Hivyo, hujaribu kwanza mkazo wa uzi pembeni, kisha hukagua upande wa chini kabla ya kuzungusha rola.