Concorde: ndege iliyopita sauti, kutoka Gbadolite mpaka nyumba za makumbusho

Concorde ilikuwa ndege ya abiria ya Ufaransa na Uingereza iliyoruka kwa mbio kupita sauti. Iliacha kazi mwaka wa 2003. Hata vile, jina lake lingali linatajwa Congo, hata na watu wasioiona kwa macho, juu ya kiwanja kimoja cha ndege: kile cha Gbadolite. Wakaaji wa Walikale na Masisi, ambao wanajua vizuri bei ya kukosa barabara, wana sababu yao ya kuifahamu historia hii.

Ndege ya namna gani?

Concorde iliruka mara ya kwanza mjini Toulouse, Ufaransa, tarehe 2 mwezi wa 3 mwaka wa 1969, ikiongozwa na rubani André Turcat. Zilitengenezwa 20 tu, na 14 kati yake ndizo zilizofanya kazi ya kubeba abiria, saba za Air France na saba za British Airways. Kazi hiyo ilianza tarehe 21 mwezi wa 1 mwaka wa 1976. Siku ile, ile ya Air France ilitoka Paris kwenda Rio de Janeiro ikipitia Dakar, Senegal. Kwa hiyo Afrika iliiona tangu siku ya kwanza.

Mbio zake zilifika karibu kilometa 2,180 kwa saa, mara mbili ya sauti. Iliruka kwenye kimo cha kilometa 18 hivi, ambako mbingu inaanza kuwa nyeusi. Kwa mbio hizo, umbali wa angani kutoka Goma mpaka Walikale-centre ungeisha kwa dakika zisizofika tano. Kwa barabara, lori lenye mizigo linaweza kulala kwenye matope siku nyingi wakati wa mvua. Kipimo kingine: mwaka wa 1925, Mbelgiji Edmond Thieffry alipoleta ndege ya kwanza kutoka Brussels mpaka Léopoldville, safari ilimchukua siku 51.

Lakini Concorde ilikuwa na njaa. Ilikunywa zaidi ya lita 20,000 za mafuta kwa saa moja, sawa na mapipa 100 ya lita 200, kwa abiria 100 hivi. Tiketi ilikuwa ya matajiri. Tena, ilipopita sauti ilitoa mshindo kama bomu, na nchi nyingi ziliikataza kufanya hivyo juu ya miji yao. Ndiyo sababu njia zake nyingi zilikuwa juu ya bahari.

Gbadolite

Raisi Mobutu Sese Seko aliigeuza Gbadolite, kijiji cha ukoo wake katika jimbo ambalo leo linaitwa Nord-Ubangi, kuwa mji wa majumba makubwa ndani ya msitu. Alijengewa kiwanja cha ndege chenye njia ya meta 3,200, ndefu ya kutosha kupokea Concorde, aliyoikodi kwa Air France. Ndege ambayo watu wa Paris wenyewe waliingoja kwa hamu ilitua karibu na mto Ubangi, ambako watu wengi walitembea kwa miguu au kwa mtumbwi.

Kwa wengine waliokuwa watoto wakati huo, ni kumbukumbu tamu: ndege nyeupe, nyembamba kama mkuki, pua yake imeinamishwa chini ili rubani aone njia ya kutua. Kwa wengine ni kumbukumbu chungu, kwa sababu gharama ile ilikuwa pesa ya nchi. Mara nyingi mtu mmoja anazibeba zote mbili.

Mwezi wa 5 mwaka wa 1997, vita ilipofika, Mobutu alikimbia kutoka kiwanja kilekile. Hakupanda Concorde. Aliondoka kwa ndege ya mizigo, na askari wake mwenyewe waliipiga risasi. Alikufa Rabat, Morocco, tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka uleule.

Mahali zinapoonekana leo

Tarehe 25 mwezi wa 7 mwaka wa 2000, Concorde ya Air France ilianguka Gonesse, karibu na Paris. Kipande cha chuma kilichokuwa kwenye njia ya kurukia kilipasua tairi, na watu 113 walikufa. Miaka mitatu baadaye zote zilisimamishwa, na ya mwisho iliruka tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka wa 2003.

Karibu zote zilizobaki zinatunzwa. Wacongo wanaoishi Paris wanazo mbili karibu nao, zimewekwa pamoja kwenye makumbusho ya Le Bourget, na mtu anaweza kuingia ndani. Wengi wanashangaa: ndani ni padogo, viti vinne kwa mstari, madirisha ni kama kiganja cha mkono. Mojawapo ni ile ya kwanza kabisa, 001. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1973, wanasayansi waliondoka nayo visiwa vya Canary, wakafuata kivuli cha mwezi juu ya Mauritania, Mali na Niger mpaka Chad. Waliona jua limefunikwa kabisa kwa dakika 74, wakati mtu aliyesimama chini aliweza kupata dakika saba tu.

Zingine ziko Toulouse, New York, Seattle, Barbados na Sinsheim, Ujerumani. Katika baadhi yake kuna kofia ya fundi wa ndege iliyokwama kati ya mitambo. Angani, joto lilirefusha mwili wa ndege kwa karibu sentimita 20 na kufungua mwanya. Safari ya mwisho fundi aliingiza kofia yake humo, ndege ikapoa, mwanya ukafunga.

Na Walikale na Masisi?

Walikale pia ina historia yake ya ndege. Kule Kilambo, kwa miaka mingi, ndege ndogo aina ya Let 410 na Antonov zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara ya kwenda Kisangani. Magari yalisimamishwa kwanza, halafu ndege inashuka. Zilileta sukari, sabuni na bia, zikarudi Goma na kasiteriti ya Bisie, iliyotolewa msituni migongoni mwa watu. Na koltani inayochimbwa Rubaya, wilayani Masisi, inatoa tantalamu, madini yanayotumika kwenye injini za ndege na vyombo vyake vya umeme.

Meta 3,200 za lami zilipatikana kwa ajili ya ndege ya mtu mmoja. Kilambo, ndege na malori vilipaswa kugawana kipande kimoja. Concorde ina nyumba za kuitunza na watu wa kuieleza. Historia ya Kilambo inatunzwa vichwani mwa marubani, wabebaji na wachuuzi walioiona, na wengi wao sasa ni wazee.